Upinde wa Syombua

Kwa miaka mingi Wambua aliamini kwamba upinde wa maana ni ule unaomtoa mtu jasho. Riziki yake ni kutengeneza vitanda na viti, hapa mtaa wa Landless, Thika, lakini ukutani mwa chumba chake ametundika pinde tano za mulawa, mti mgumu wa kwao Kitui. Kila mmoja aliupima kama baba yake alivyomfundisha: huufunga juu ya nguzo, huning'iniza mtungi kwenye kamba, kisha humimina maji hadi upinde ukunjike inavyotakiwa. Wake mwenyewe ni wa lita ishirini na mbili.

Mwezi wa pili dada yake mkubwa, Syombua, alikuja kutoka Mwiki. Alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na mkono wa upande huo, ule unaoushika upinde, ulikuwa bado dhaifu. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimshinda Wambua kulenga.

"Nitengenezee mwepesi," alisema. "Nataka kuvuta tena, hata kama ni mara moja."

"Wa lita ngapi?"

"Kumi."

"Hiyo ni ya watoto wa shule."

"Basi nipee ya watoto wa shule, na bado nitakushinda."

Wambua alishusha mti uliokuwa umekauka darini miaka mitatu. Akauchonga kwa panga, akaupiga randa, akaziacha ncha nyembamba na mshiko mnene. Alipotundika lita kumi, pande mbili zilikunjika sawa, kama nyusi za mtu mmoja.

Syombua aliuvutia uani. Kamba ilifika nusu, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Akairudisha polepole.

"Ni mzuri sana. Nitautundika kwa nyumba."

Dada yake hakuwa mtu wa kutundika vitu.

"Unaweza kuvuta lita ngapi, dada? Sema ukweli."

"Sita. Kukiwa na baridi, tano." Alitazama chini. "Wewe ishirini na mbili, mimi sita. Niliona haya."

Wambua naye aliona haya, kwa yale maneno yake kuhusu watoto wa shule. Akaugeuza upinde mikononi.

"Nikiupunguza tena, nikikosea mahali pamoja tu, utavunjika. Sina mti mwingine uliokauka."

"Hata daktari hakuniahidi kitu, na nililala kwa kile kitanda cha upasuaji. Chonga."

Aliketi juu ya gogo na kuanza kukwangua kwa kipande cha chupa. Mara mbili upande huu, mara mbili ule, kisha anampa dada yake avute. Mtungi aliuacha pembeni. Alitazama bega la Syombua, na kila lilipotetemeka, alikwangua tena. Unga wa mti ulijaa mapajani mwake.

Alasiri, kamba ilifika shavuni.

Syombua akaweka mshale, akalenga gunia la mabua hatua kumi na tano mbele yake. Mshale uligonga gunia, ukaanguka chini.

"Haujashika," Wambua alisema taratibu, akiinuka kwenda kuuokota.

"Kaa hapo," alisema Syombua. "Mshale umefika." Akaenda kuuchukua mwenyewe, upinde ukiwa katika mkono wa kushoto, akarudi mahali pake na kuuweka mshale tena kwenye kamba.