Jicho Lisilouma

Siku ile bado ninayo, mwanangu, siku baba yangu alipokanyaga sufuria la uji wa moto uani petu, mchana kweupe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nikacheka, nikidhani ni uzee tu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mpapura. Shangazi yangu Somoe alikuwa ameugua mtoto wa jicho. Mboni ilikuwa nyeupe kama tui, akaambiwa asubiri weupe ukomae, akapasuliwa, akarudi anachagua mchele mwenyewe. Basi baba aliponiambia, "Fatu, pembeni sioni vizuri," nikamjibu kama mjuzi:

"Ni mtoto wa jicho, baba. Tumalize korosho kwanza, ndipo twende."

"Mbona macho yangu hayana weupe?"

"Utakuja."

Wala hayakumuuma, na hilo ndilo lililonidanganya. Korosho zikaisha, tukaingia kwenye muhogo. Baba akawa anawapita watu njiani bila kupokea mikono yao, wakasema amepata majivuno. Mwaka wa pili ukapita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, nimenyamaza, nikimmenyea muhogo. Akauliza, "Fatu, uko wapi?"

Nikakiweka kisu chini.

Tulipanda lori la kijiji mpaka hospitali mjini Mtwara. Mganga wa macho, mtu wa sauti ya chini, alimziba baba jicho la kushoto, akanyoosha vidole.

"Vingapi, mzee?"

Baba akabahatisha. Mganga akasogea, akauliza tena, baba akabahatisha tena. Akapunga mkono karibu na pua ya baba. Hakupepesa hata kope. Akawasha tochi, akaizima.

"Mwanga upo?"

"Upo," alisema baba, naye alikuwa anatabasamu ili nisiogope. Tochi ilikuwa imezimwa kitambo.

Jicho la kushoto liliona mwanga tu, basi.

Mganga akanigeukia. "Dada, kutoona si kwa namna moja. Wengine huwatosha miwani. Mtoto wa jicho tunampasua, mtu anaona tena. Wengine jicho huwa na kovu, la jeraha au la dawa za majani. Mzee ana presha ya macho. Inaua mshipa wa jicho taratibu, inaanzia pembeni, na mtu hasikii maumivu. Kilichokufa hakirudi."

"Tungekuja mwaka juzi?"

"Tungekiokoa kilichokuwepo."

Sikulia. Nikamshika baba mkono. Kisha mganga akasema, "Ugonjwa huu hufuata damu. Kaa hapa na wewe."

Mwanangu, sijawahi kuogopa kiti kama kile. Alileta kidole polepole kutoka ubavuni mwa uso wangu, nami kwa hofu nikasema, "Nimekiona," kabla sijakiona.

"Usinidanganye mimi," akasema. "Utajidanganya mwenyewe."

Tukaanza upya. Presha ilikuwa imepanda kwangu pia, ila mshipa ulikuwa mzima bado. Akanipa matone ya kuweka kila siku, maisha yangu yote. Yakikosekana nilihangaika mpaka yapatikane.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile, akiongozwa na mkono wangu. Hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu.

Nawe ni damu yake. Ndiyo maana nakusumbua. Usiupe ugonjwa jina kwa kuwa jirani aliugua unaofanana nao. Usingoje maumivu wala weupe, na usitie jichoni kitu usichopewa na mganga wa macho. Nenda ukapimwe sasa hivi unapoona vizuri, kisha urudi kupimwa tena na tena. Ukiulizwa unaona nini, sema kweli, hata ukitetemeka.

Mungu akulindie nuru ya macho yako, mwanangu, akujaalie uzione sura za wajukuu wako mpaka siku yako ya mwisho. Amina.