Mji Uliopakwa Rangi Nyeupe

Picha ile haikuzidi ukubwa wa kiganja. Shangazi yangu aliiweka ndani ya kabati la vyombo, nyumbani kwake Gikondo, imeegemea kioo. Ilionyesha mji wa bandari huko pwani, zamani sana: mbele, wanaume wawili wamekaa juu ya magunia, nyuma yao, nyumba za chokaa zimepangana hadi majini. Katika mojawapo alizaliwa babu, kabla biashara ya vitambaa haijamleta huku milimani. Shangazi hakuwahi kuiona bahari. Nyumba aliijua kwa sababu baba yake alimwonyesha pichani kwa ncha ya sindano.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na homa yake ilikuwa haijanishuka. Nilimweleza shangazi kwamba aliyeipiga alikuwa fundi: weusi wa magunia umetulia chini, weupe wa kuta unaelea juu yake, na gati linakata mshazari kuliongoza jicho hadi kwenye nyumba. Alinisikiliza huku akiendesha cherehani.

"Jicho lako limefika?"

"Limefika, shangazi."

"Basi na miguu ifike. Nenda ukatutafutie ndugu zetu."

Tukakubaliana niende nayo pwani, niwaonyeshe wenyeji nyumba ya babu, watuambie ni akina nani wamebaki humo. Ila picha ilikuwa imepauka. Kuta na mbingu zilikaribia kuwa rangi moja. Shangazi akaipeleka studio ya mtaani isafishwe.

Vita vilikuwa vimeanza mpakani, vizuizi vimejaa barabarani, na studio ziliishi kwa picha za vitambulisho. Mpiga picha wetu alijua namna moja tu: uso mbele, nyuma peupe. Ukuta wako ukiwa mchafu, alichukua brashi akapaka rangi nyeupe kuzunguka masikio yako pichani. Shangazi alipomwambia "safisha", alielewa alivyoelewa kila siku.

Aliileta mwenyewe, akitabasamu. Wale wanaume wawili walionekana vizuri kabisa, wamekaa juu ya magunia yao katikati ya weupe mtupu. Rangi alikuwa ameipaka juu ya picha yenyewe.

"Vile vitu vya nyuma vilikuwa vinachafua, mama. Sasa iko safi. Hata ofisi ya komini, wanaotoa vitambulisho, wataikubali."

"Komini!" shangazi akasema. "Hawa walikufa babu yako hajazaliwa, kitambulisho cha nini? Mwanangu, umenibomolea mji!"

Tulijaribu pamba na maji. Rangi ikatoka na karatasi yake.

Shangazi akanigeukia. "Wewe uliyeitazama kwa elimu, nyumba yetu ilikuwa ya ngapi kutoka majini?"

Kivuli kiliangukia upande gani, hilo ningeweza kumwambia. Nyumba ipi, sikuwahi kuuliza.

"Kushoto," nikasema, "pale palipong'aa."

"Kushoto zilikuwa zote, baba."

Akafumba macho, akahesabu kwa vidole. Akafika ya nne, akarudi ya tatu. "Ilikuwa na ngazi," akasema. Kisha, polepole: "Au yenye ngazi ni ya jirani?"

Safari hatukuizungumza tena. Picha ilirudi kabatini, na wageni walipouliza wale wanaume ni nani, shangazi alisema hawajui.

"Walikuja tu," aliwaambia, "wakakaa mbele ya nyumba yetu."