Chupa Niliyoirudisha Imejaa

Kwenye misiba na harusi huwa wananiwekea soda, nami huisogeza kwa aliyekaa jirani. Hapo lazima mtu aniinamie sikioni aulize kwa huruma, "Mama, una sukari?" Sina sukari. Meno yangu ninayo, na mlima naupanda kuwashinda hao wanaonihurumia. Soda niliiacha Sumbawanga, enzi za foleni na mgao, nikiwa binti, na hakuna daktari aliyenikataza. Niliiacha kwa hasira. Hasira yenyewe bado ninayo, nimeitunza vizuri.

Nilitoka Mbeya kwenda kupiga chapa katika ofisi ya serikali. Siku zile ukipangiwa Sumbawanga watu walikupa pole kama umefiwa, eti huko radi hupiga kwa kutumwa. Radi haikunipata. Kilichonipata ni soda. Kutwa nzima nilikuwa nabonyeza mashine kwenye chumba chenye baridi ya kuuma vidole, na ofisi ikifungwa nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kitamu, changu, nisichogawana na mtu. Nikivuka barabara naingia duka la ushirika.

Sasa wadogo hamjui: soda haikuwa inanunuliwa kwa pesa peke yake. Ulikwenda na chupa tupu, ukaiacha, ukapewa iliyojaa. Huna chupa, huna soda, hata uwe na mshahara wa nani. Mwenye chupa aliifungia kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Mimi mgeni nilikuwa sina. Meneja wa duka, mwanamume wa makamo, mpole, shati limenyooka pasi kila siku, akaniangalia akasema, "Usijali, ndugu, chupa ipo. Kunywa hapa hapa." Nikalipa, nikanywa nimesimama kaunta, nikarudisha chupa. Kesho yake hivyo hivyo. Mwaka ukapita hivyo hivyo, na mimi namwona mtu mwema.

Masika yalipokuja, lori la kutoka Mbeya likawa linalala kwenye matope njiani. Kreti zikaisha dukani. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri wanaambiwa hakuna, lakini mimi nikifika anainama chini ya kaunta na kuibuka na moja, ya machungwa. Mbele za watu aliniita ndugu. Akishusha sauti aliniita dada. Na siku ambazo hata chini ya kaunta palikuwa patupu, alinipa kikopo cha sakarini, vile vidonge vidogo vyeupe vya kutilia chai, vilivyokuwa vinapenyezwa kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasesya. Sukari nayo ilikuwa imeadimika. Basi natia kidonge, nakoroga, nakunywa. Utamu wake ulikuwa wa uongo. Ulianza vizuri kisha ukaacha uchungu kama umelamba msumari. Nikavizoea hata hivyo. Asubuhi sakarini, jioni soda, na katikati kichwa kinaniuma kama sijapata vyote viwili.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mfipa, mjane, Mkatoliki wa kwelikweli, mwenye shamba la mahindi na ulezi kule Mollo. Ukali wake ulikuwa wa mdomo tu. Tulikula pamoja, akaniita mwanangu, na mimi nikamwita mama. Yeye ndiye aliyekuwa mzazi wangu pale mjini, na kila mtu alimchukulia hivyo.

Siku moja niko bombani nasubiri ndoo ijae, mama mmoja akanisalimu, "Hujambo, mke wa kaunta?" Wenzake wakacheka. Nikacheka pia, kwa kutokujua. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama mwenye nyumba, yeye hakucheka. Aliendelea kupepeta ulezi wake.

"Kwani wewe hujui?" akasema. "Mji mzima unajua. Unakunywa kwa yule bwana."

"Nanunua, mama. Nalipa kama watu wote."

"Unalipa soda. Chupa je? Ulikuwa unakunywa kwa chupa ya nani?"

Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto katekisimu, kwamba pale kwao mtu hapeleki posa mkono mtupu. Anapeleka kinywaji. Zamani ilikuwa pombe ya ulezi; siku hizi ni soda, kwa kuwa ulezi kila mtu anao. Binti akionja, maneno yamekwisha. Na yule bwana, ambaye mkewe alikuwa amefariki miaka ya nyuma, alikuwa anawaambia watu kwamba mimi nimeonja mwaka mzima, kwa chupa yake, mbele ya macho ya foleni nzima. Kilichobaki ni wazee kuja kufunga mazungumzo.

"Na wewe mama umenyamaza muda wote huu?"

"Mwanangu, sukari ya chai yangu unadhani inatoka wapi? Mkono mtupu haulambwi."

Nilichemka. Kwa hiyo kila jioni nilipokuwa najiona msichana wa serikali, mwenye mshahara wake na starehe yake, kumbe ndio nilikuwa naolewa, fundo kwa fundo. Wala sikufanya kosa. Nalisema hili mpaka leo, maana wapo wanaodhani ninajuta. Nijutie nini? Niliuziwa soda, nikalipa, nikanywa. Aliyetia posa ndani ya chupa bila kuniambia, ajutie yeye.

Kile kikopo cha sakarini nilikitupa chooni siku ile ile, na dukani sikukanyaga tena. Mama mwenye nyumba akaguna, "Utarudi. Kesho jioni tu utarudi." Thubutu. Lakini nisiwadanganye, niliteseka. Kichwa kiligonga mchana kutwa. Nilipiga chapa makosa mpaka mkuu wangu akaniuliza kama naumwa. Ofisi ikifungwa miguu yenyewe ilikuwa inaelekea barabarani, nami naigeuza kwa nguvu, napitia nyuma ya bohari nisilione lile duka. Chai ya rangi bila kitu ilinipita kooni kama maji ya kuoshea sufuria. Wenzangu ofisini walinicheka kuona mtumishi mzima amekuja na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi. Nikawaambia waniache na uji wangu, hauniposi.

Mama mwenye nyumba naye akaninunia, maana sukari yake ilikatika pale pale. Akawa anakunywa chai yake ananitazama juu ya kikombe.

Basi Jumamosi moja mchana wakaja. Wazee wawili wenye makoti, mmoja alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye huwezi kumfungia mlango. Nikapiga goti, shikamooni, marahaba. Wakakaa. Balozi akatoa mfukoni chupa ya soda ya machungwa, akaifungua kwa kifungulio alichokuja nacho, akaiweka mezani mbele yangu. Ilitoa ule mlio wake, povu likapanda mpaka mdomoni mwa chupa.

"Binti yetu," akasema, "hatuna maneno mengi. Wewe na mwenzako mmekwisha kuelewana, tumeona wote. Sisi tumekuja kukamilisha tu. Onja kidogo, tupeleke habari Mbeya kwa wazazi."

Mate yalinijaa mdomoni. Ndivyo ilivyokuwa, sifichi. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi na dawa yake ilikuwa mezani, inatoa vipovu, nainusa. Fundo moja tu. Na fundo lile lingenitoa mashineni na kuniweka nyuma ya kaunta ya mtu ambaye hata siku moja hajaniuliza kama namtaka.

Nikamtazama mama mwenye nyumba. Angeniokoa kwa neno moja, kwa kuwa ndiye mzazi. Akatazama mikono yake, akasema, "Kinywaji cha mgeni hakikataliwi, mwanangu."

"Sikikatai, mama," nikasema. "Nakirudisha kwa mwenyewe."

Nikaishika ile chupa shingoni, nikatoka nayo. Balozi ananiita nyuma, binti, binti, mimi naenda. Nilipita bombani, wale akina mama wakaweka ndoo chini wakatazama. Nilitembea polepole makusudi, nisimwage, ili kila mtu aone imejaa. Lakini upepo wa Ufipa mnaujua, ulikuwa unanisukuma mkono. Soda ikanichuruzika vidoleni mpaka kwenye kiganja.

Dukani palikuwa na foleni ya sabuni. Sikupanga foleni. Nikaiweka chupa juu ya kaunta, mbele yake.

"Nimekuletea chupa yako," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Akaitazama, akanitazama. "Mbona haijanywewa, dada?" Safari hii hakushusha sauti.

"Ndugu," nikasema. "Niite ndugu. Na haitanywewa."

Nikageuka. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeniita mke wa kaunta tena mpaka nahama Sumbawanga. Njiani mkono ulikuwa unanata, vidole vimegandana, nzi wananifuata, na harufu ya machungwa inanipanda puani kila nikipiga hatua. Mdomo wangu wote ulikuwa unautaka mkono ule. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, ameniona tangu kule mbali, anasubiri aone nitafanya nini.

Nikasimama mbele yake, nikachukua sabuni ya kufulia, nikanawa.