Kisu cha Randa Kilichomenya Nduma Laare

Saa mbili asubuhi, kanisa ni tupu. Nyaga Runji amepiga magoti mbele ya madhabahu, lakini hasali. Anabonyeza kipande cha sabuni ya mche, kilicholowa kidogo, kwenye ukingo wa reli ambayo waumini huishika wanapopokea Ushirika Mtakatifu.

"Baba Mwendwa, leo unafulia madhabahu?" anauliza Felicitas, mama anayefagia kanisa hili la Ishiara.

"Nafulia dhambi za kamati," anajibu Nyaga bila kugeuka.

Anaibandua sabuni polepole. Mawimbi ya ukingo wa reli sasa yamechoreka juu yake, kinyume. Anaifunga kwa gazeti kama mtu anayefunga yai.

Nyaga ana miaka sitini na mmoja. Ni seremala, na milango na vitanda ndivyo vinavyomlisha. Lakini kutoka Embu hadi Timau wanamjua kwa randa kuukuu. Huzitafuta, huzitoa kutu kwa maji ya ukwaju, huzipaka mafuta ya mbarika, kisha huzirudisha kazini. Kadhaa alizipata kwenye maghala ya mashamba ya ngano huko Timau. Moja ya chuma aliikuta soko la Laare, imewekwa juu ya majani ya migomba yanayofunika miraa ili upepo usiyabebe.

"Niliwauliza, nyinyi mnajua hii ni nini? Wakaniambia, ni jiwe la kizungu," anasimulia.

Mwezi ukiwa mzuri, kuuza na kukarabati randa humletea kama shilingi elfu nane. Ukiwa mbaya, hakuna kitu. Mke wake amezoea. Anasema afadhali randa kuliko pombe.

Randa anayoishughulikia sasa si ya kuuza. Msimu wa mvua uliopita, mchwa walikula ncha moja ya reli ya madhabahu. Kamati ilipokutana, mwenyekiti wake, Mzee Nyamu, alitaka reli yote ing'olewe, ijengwe ya simenti na vigae.

"Mchwa hawali simenti," alisema, na wajumbe wakacheka.

Nyaga aliomba nafasi ya kuchonga kipande kimoja tu, pale palipoliwa. Wakamkubalia hadi Jumapili ya Mavuno, kwa sharti: kiungo kikionekana, reli inatoka yote.

Reli hiyo ilichongwa mwaka 1974 na fundi mmoja wa Laare aliyeitwa Bundi. Alitumia muuru, mti mgumu wa milima ya Meru. Nyaga alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Yeye na wenzake waliokota maranda yaliyojikunja, wakayavaa mikononi kama bangili.

"Mama yangu alipiga magoti hapo hadi alipokufa," anasema. "Ukiangalia vizuri, utaona mahali mikono ya watu imeng'arisha mbao. Simenti haishiki mkono hivyo."

Ukingo kama ule hautoki kwa randa ya kawaida. Kila umbo lina randa yake, na kisu chake. Bundi alishafariki, kwa hiyo Nyaga akapanda hadi Laare kumtafuta mjane wake, Mama Cicily.

Randa aliiona kabla ya kukaribishwa kiti. Ilikuwa chini, imezuia mlango usifungwe na upepo. Kusukumwa kwenye sakafu miaka yote hiyo kulikuwa kumelisaga tumbo lake la mbao likawa bapa. Kisu hakikuwamo.

"Kisu kiko jikoni," Mama Cicily alimwambia. "Ndicho namenyea nduma. Kimejipinda vizuri, kinazunguka nduma bila kula nyama."

"Mama, nakiomba. Ni kwa kazi ya kanisa."

"Na mimi nile nduma na maganda kwa ajili ya kanisa?"

Nyaga alipotaja pesa, mama huyo alikasirika. Hakuwa na duka, alisema. Nyaga akapima mpindo wa kisu kwa waya, akateremka Ishiara, akachonga kisu cha kumenyea kutoka kwenye panga lililokatika, akakitia mpini, akarudi Laare.

Mama Cicily hakukipokea hivihivi. Alileta nduma, akaketi, akamenya yote taratibu huku mgeni akisubiri. Akaigeuza, akaitazama.

"Chako kinakwaruza kidogo," akasema. "Lakini nitakizoea. Chukua hicho cha mzee. Uniletee maranda yake nione kama kweli bado kinanyoa."

Kilikuwa kinang'aa kuliko kisu chochote ambacho Nyaga amewahi kuokota. Tatizo ni kwamba mama huyo alikuwa akikinoa kwenye jiwe la mlangoni kama kisu cha jikoni, na mawimbi yake yalikuwa yamelala. Chuma kilichobaki kilitosha kurekebishwa mara moja tu.

Ndiyo sababu ya sabuni. Umbo lililo kwenye sabuni ndilo umbo la kisu.

Kwenye kibanda chake, Nyaga anakisugua kisu kwa tupa nyembamba, anakiweka kando ya sabuni, anakitazama dhidi ya mwanga, anasugua tena. Mzee Nyamu anapita na kusimama.

"Fundi, si nikuletee grinda ya umeme? Utazeekea hapo."

"Grinda itakichoma kigeuke bluu, kipoteze ugumu, Mzee. Kikigeuka bluu, mimi na wewe tutanunua simenti."

"Mimi nimeshauliza bei," anasema Nyamu, na kuendelea na safari yake.

Tumbo la randa nalo analichonga upya kufuata sabuni ileile. Jaribio la kwanza, kwenye kipande cha mbao laini, wimbi moja linatoka nene. Nyaga anakitoa kisu. Anakaa chini, anakilinganisha tena na sabuni. Halafu anapitisha tupa mara chache, kwa wepesi, anakirudisha ndani ya randa na kubana kipande cha muuru mezani.

Randa inalia kwa sauti nyororo. Utepe mrefu wa mbao unapanda na kujikunja juu ya kidole gumba chake.

Jumapili ya Mavuno, kanisa linajaa ndizi, mtama na mbuzi wawili wanaopiga kelele nje. Wakati wa Ushirika, Mzee Nyamu anapiga magoti kwenye ncha ileile, sasa ikiwa na kipande kipya. Kidole chake kinatembea juu ya ukingo, kinakwenda, kinarudi. Kinatafuta kiungo. Padri anafika mbele yake na kungoja, hadi mzee anakumbuka kufungua mikono.

Baada ya ibada, kamati haikutani. Nyamu anapita karibu na Nyaga na kusema tu, "Hiyo simenti tutajengea choo."

Nyaga ameweka maranda kwenye mfuko wa karatasi, ya kupelekwa Laare. Randa yenyewe haitaning'inia ukutani kwake kama zile nyingine. Atamwomba Mama Cicily ikae kabatini, kanisani.

"Mchwa watarudi," anasema. "Huenda mimi sitakuwepo. Nataka fundi atakayekuja aikute hapa, haijazuia mlango wa mtu."

Anamkabidhi Felicitas furushi dogo la gazeti aliweke kando ya randa.

"Na hii, Mama, nakusihi," anamwambia. "Hata sabuni ikiisha kanisa zima, usiifulie."