Salamu Niliyoiacha Bila Kuitikia

Ipo siku moja naikumbuka, mjukuu wangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa siku ya kufungua shule baada ya likizo ya mwezi wa sita, pale Kasulu, miaka ya sabini. Nitakueleza yaliyotokea, ila usinikatize. Nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha, maana habari hii hainipendezi hata mimi mwenyewe.

Mama yako ananiambia kidato cha pili umekifanya cha kunyamaza. Mwalimu akikuuliza unainama. Wenzako wakicheka unaona wanakucheka wewe. Ukirudi nyumbani unajifungia chumbani na redio, unaimba chini chini. Anasema huo muziki ndio unaokuharibu. Nimemwambia akuache, hajui anachosema. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena afadhali wewe.

Nilitoka kwetu Busunzu na sanduku la bati, miguu mirefu, na Kiswahili cha kujikwaa. Nyumbani tulisema Kiha tu. Kiswahili tulikisikia kanisani na dukani. Kule shuleni nikawakuta wasichana wa mjini ambao maneno yaliwatoka bila kutafutwa. Kinara wao alikuwa Vaileti, binti wa mwenye duka wa Kibondo. Nikifungua mdomo tu, jioni bweni zima linaiga lafudhi yangu. Loo, nilikoma! Nikaona dawa ni kufunga mdomo. Nilinyamaza mpaka mwalimu wa hesabu akauliza wenzangu kama mimi ni bubu.

Mwezi wa tatu akaletwa Spesioza. Watu wake walivuka kutoka Burundi kwa miguu, wakatokea Manyovu, naye akapatiwa nafasi shuleni kwetu. Alikuwa mdogo wa umbo, macho makubwa, na Kiswahili hakijui kabisa. Mimi angalau nilikuwa na maneno nikayaficha. Yeye hakuwa nayo.

Siku hizo kila shule ilikuwa na shamba lake, na sisi tulilima kila alasiri. Matroni alitupanga wawili wawili, kila wawili na mistari yao ya maharage. Nikapangwa na Spesioza kwa sababu hakuna mwingine aliyetutaka, mimi wala yeye. Siku mbili tulilima bila neno. Siku ya tatu nikamsikia anaimba kwa sauti ndogo, ameinama hivyo hivyo na jembe lake, nami nikaacha kulima. Wimbo ule niliujua.

Ilikuwa akazehe. Wewe huijui, na si kosa lako, siku hizi hata huku Kibondo ni wachache wanaoijua. Ni salamu ya wanawake, salamu ya kuimbwa. Wawili wakikutana baada ya siku nyingi wanashikana mabegani, mmoja anaanza, mwenzake anaingilia kati upesi upesi, sauti zinapishana mpaka wewe unayesikiliza hujui nani kasema nini. Anayeanza huacha nafasi. Nafasi ile ni ya mwenzake, haijazwi na mtu mwingine. Bibi yangu aliolewa kwetu akitoka ng'ambo hiyo ya Burundi, na alinifundisha nikiwa sijajua hata kusonga ugali.

Basi nikamsogelea na mikono yangu ya udongo, nikaingia pale alipoacha nafasi. Spesioza alishtuka akaangusha jembe. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye maharage. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake.

Tangu hapo kila alasiri tuliimba. Sijui kukueleza kisomi, lakini ukiimba namna ile huna nafasi ya kuwaza watu wanakuonaje. Ukichelewa kidogo tu umeharibu, kwa hiyo unamsikiliza mwenzako, basi, unajisahau. Baada ya wiki chache nilinyoosha mkono darasani, jasho linanitoka, nikajibu. Lafudhi yangu ilikuwa ile ile. Wakacheka, nami sikufa. Nikajiunga na kwaya, nikapewa hata sehemu ya kuanzisha. Spesioza naye akaanza kuokota maneno, nikimfundisha huku tunapalilia. Siku alipopata Kiswahili cha kutosha aliniambia jambo moja. Alisema akazehe alikuwa akiimba na mama yake, na mama yake hakuvuka.

Nilielewa, mwanangu, usije ukafikiri sikuelewa. Nilijua kwamba duniani kote mtu wa kumwitikia Spesioza nilibaki mimi.

Likizo ikaja, nikaenda kwetu. Siku ya kurudi nilipanda lori pale Kibondo, nani namkuta juu? Vaileti na wenzake. Kumbe kwaya ilinipandisha cheo! Vaileti akaniita kwa jina, akanipisha nikae kwenye godoro lake, akanipa na andazi. Safari nzima wakapiga porojo, wakafika kwenye habari za wakimbizi, eti wakisalimiana ni kama wanabweka. Vaileti akaiga. Nikacheka. Tena nilicheka kwa nguvu ili waone kwamba nacheka.

Tulipofika shuleni watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi, wasichana, wazazi, masanduku, mwalimu wa zamu na daftari lake. Nikashuka na genge langu jipya. Spesioza aliniona kutoka mbali. Akaacha alichoshika akaja mbio, akanishika mabega yote mawili kama desturi inavyotaka, akaanza akazehe. Hapo hapo, mbele ya watu wote, yule ambaye alikuwa hawezi kuomba chumvi mezani! Sauti yake ilikuwa imefunguka. Akaacha nafasi yangu.

Nikasikia Vaileti anakohoa kicheko nyuma yangu. Nikanyamaza.

Spesioza akadhani sikuwa tayari. Akaanza tena, akaacha nafasi, akaningoja akinitazama machoni. Wasichana wakaanza kucheka waziwazi. Akaanza mara ya tatu, na safari hii alikuwa ananisihi, mwanangu, mikono yake ilinibana mabega mpaka ikaniuma. Nami nikamtoa mikono, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha kujitahidi, "Hujambo, Spesioza."

Akajifuta mdomo kwa kiganja. Akasema, "Sijambo." Akageuka akaenda zake.

Kesho yake tulipangiwa mistari ile ile. Nilingoja mpaka tumefika mwisho wa shamba, tuko peke yetu, nikaanza akazehe mimi. Nikaacha nafasi. Hakuinua hata kichwa. Nikaanza tena. Ndipo akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Skola, huku hakuna watu ndiyo maana unaimba." Akaendelea kulima.

Hakuimba tena, wala hakusema tena darasani. Yale maneno machache aliyokuwa ameyapata akayarudisha alikoyatoa. Nilikuwa na nia ya kumwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimkana. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nikasema kesho. Mwezi wa tisa ndugu yake mmoja akaja kumchukua, watu wao wanahamishiwa makazi ya wakimbizi ya mbali. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi bweni nikakuta kitanda chake kimebaki chaga tupu.

Muhula huo huo, siku ya wazazi, niliimba peke yangu mbele ya shule nzima. Niliimba vizuri, sikatai. Watu walipiga makofi mpaka mwalimu wa hesabu akasimama. Nilijiona mwizi aliyevaa nguo ya mtu.

Desemba nilipofika nyumbani nilimweleza bibi. Nilidhani atanibembeleza, maana alinipenda sana. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaacha kuchambua.

Akaniambia, "Mimi nimewahi kuianza nisiitikiwe. Mara moja tu. Ilikuwa siku walipomleta dada yangu amekwisha kufa. Nilimshika mabega pale pale kitandani, nikaianza, nikamwachia nafasi yake. Ndipo nikaamini amekufa."

Kisha akanitazama. "Wewe ulikuwa hai, Skola. Umesimama, una pumzi, na umemfanyia mtoto wa watu hivyo."

Akarudia maharage yake. Hakuwahi kunitajia tena jambo hilo, mpaka anaingia kaburini. Nilitamani anichape.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuulizia Spesioza. Nimewauliza wanaokwenda Kitanga kununua maharage, nimewauliza wa Manyovu, hata mapadre. Mmoja akaniambia alisikia yuko huko makazini, ameolewa. Mwingine akaniambia ni marehemu. Huenda hakuna kati yao aliyemjua. Wanawake wa ng'ambo wakija hapa sokoni naangalia mikono yao, sijui hata ninatafuta nini. Nimezeeka, mwanangu, na lile neno la radhi bado ninalo kooni.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sababu ya kukuita. Imba. Usimsikilize mama yako katika hilo, nitasema naye mwenyewe. Muziki ulinitoa mahali ambapo mwalimu yeyote asingeweza kunitoa, na wewe utakutoa. Aibu ya umri wako ni kubwa, najua, lakini haiwezi kukaa kifuani pamoja na wimbo. Ila usiishie chumbani na redio. Tafuta mwenzako wa kuimba naye, na ukimpata umtunze. Darasani kwenu yupo anayenyamaza kuliko wewe. Muziki ukishakufungua wewe, yeye bado amefungwa, na wale waliokuwa wanakucheka watakuja kukupisha kiti. Watakuja tu, ngoja uone. Siku hiyo ndiyo ninayokuogopea. Kuona haya peke yako si dhambi, mwanangu. Kumwonea haya aliyekufumbua mdomo ndiyo dhambi, na haina siku ya kwenda kuiungama. Ukikosea, omba radhi siku ile ile, jua halijatua, mbele ya wale wale waliokuona. Kesho wanaweza kumhamisha.

Haya, njoo karibu, nikushike mabega. Mungu akupe sauti yako mwenyewe. Akupe mtu wa kukuanza, akupe na mtu wa kukuitikia. Na siku utakapoanzwa mbele za watu, Mungu wangu akufungue mdomo kabla yule aliyekushika hajaondoa mikono yake.