Siku Nne Bila Kutumwa

Mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja hana cheo. Si mkubwa wa kuogopwa, si mdogo wa kubembelezwa. Yeye ni wa kutumwa tu. Huyu tunayemsema aliangukiwa na kazi ya masufuria. Kila alasiri, akitoka shule, alichuchumaa kando ya bomba la uani akasugua kwa jivu na kipande cha gunia, mpaka masufuria yang'ae na yeye mwenyewe awe mweusi hadi viwikoni. Ndugu zake wakamwita Masizi. Jina likamganda, hata baba yake, seremala asiye na mzaha, akawa analitumia bila kucheka.

Nyumba ile haikujua mtu wa kukaa bure. Mama alishona sare za shule, na cherehani aliiweka mlangoni makusudi ili aone uani na barabarani kwa pamoja. Kazi alizigawa bila kuondoa mguu kwenye pedeli.

"Wewe, maji! Wewe, kuni! Na wewe uliyejificha nyuma ya mlango, nimeona vidole vyako, njoo ushike ufagio!"

Aliyetega leo alifanya ya watu wawili kesho. Masizi alinung'unika kuliko wote. Aliapa kwamba akiwa mtu mzima, masufuria atakuwa akiyaona dukani tu.

Basi akakua, akasoma, akapata ukarani kwenye ghala moja mji wa mbali. Chumbani kwake ana sahani nne, na tatu hazijui kazi. Akishakula anaosha sahani moja, kijiko kimoja na kikombe, kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha anabaki amesimama na kitambaa mkononi, akisubiri mtu apige kelele kwamba bado kuna kikaango. Hakuna anayepiga.

Tangu mazishi ya baba, miaka sita sasa, alikuwa akituma salamu na udhuru. Mwaka huu akaomba likizo, akaenda siku nne. Hakufuata zawadi wala maongezi marefu. Mama alikuwa anazidi kuinama, na Masizi alitaka jambo moja kabla hajachelewa: mama amtume. Amwambie tu, "Hebu niletee kile," basi, roho yake itulie.

Alipofika walimpa kiti chenye mto. Chai ililetwa kwenye sinia, na vikombe vilikuwa vile vya kabati la kioo, ambavyo utoto wake wote aliviosha na hakuwahi kuvinywea.

Asubuhi ya pili aliwawahi watu, akachukua ufagio. Hakufika hata nusu ya uwanja. Mke wa kaka yake, ambaye ndiye anayekaa na mama, alitoka mbio huku akijifunga kitambaa kichwani.

"Wifi, jamani! Unataka majirani waseme nini?"

"Waseme nimefagia kwetu."

"Watasema mimi nimelala! Lete hapa."

Ufagio ukaenda, na Masizi akarudishwa kwenye kiti chake.

Siku ya tatu alivizia. Wifi alipokwenda sokoni, alibeba masufuria mawili hadi bombani, akakunja mikono ya blauzi, akachuchumaa. Magoti yalilalamika, lakini alikuwa na raha ambayo hakuipata kwa miaka. Ndipo binti wa kaka yake, wa miaka tisa, alipomwona na kupaza sauti kana kwamba amekamata mwizi.

"Bibi! Bibi! Shangazi anaosha vyombo!"

Mama akatoka, mkono kiunoni. Moyo wa Masizi ukadunda kwa furaha, akangoja kugombezwa. Lakini mama alimpita, akamkabili wifi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na kapu lake.

"Mnamwacha mgeni ashike masizi? Ndivyo tunavyoishi humu?"

Wifi machozi yalimlengalenga, kapu bado mkononi. Masizi alinawa haraka, akamwomba radhi, akakoma. Hamu yake ilikuwa imemtia mwenzake aibu ya bure.

Siku ya kuondoka, mkanda wa mkoba wake ulikuwa umefumuka, na mama akasema haiwezekani mtu asafiri na kitu kinachoning'inia vile. Akaketi kizingitini na sindano. Akalamba uzi, akalenga tundu, akakosa. Akalenga tena. Akakosa tena. Masizi alikuwa amesimama papo hapo. Akanyoosha mkono.

"Nipe nikutungie, mama."

"Aa, wewe pumzika, una safari." Kisha mama akageuza shingo, akapasua sauti ileile ya zamani. "We mtoto! Uko wapi? Njoo unitungie uzi, upesi!"

Binti akaja akiburuta miguu, amevuta mdomo kwa kukatiziwa mchezo. Akatunga uzi mara moja, akamrudishia bibi yake sindano, akaondoka akinung'unika.

"Na usiende mbali," mama akamfokea. "Nitakutuma tena."

Masizi alimtazama yule mtoto hadi akapotea nyuma ya nyumba. Katika maisha yake hajawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile.

Mkanda ukashonwa, imara kabisa. Wakamsindikiza wote hadi barabarani, na pale mama akamvuta pembeni.

"Mwanangu, nilipokuwa nawatuma mchana kutwa, na nyinyi wadogo vile, mwenzio roho iliniuma. Nikawa naomba mfike mahali ambapo hakuna wa kuwatuma. Sasa nikikuona umekaa, unaletewa chai, nashukuru."

Masizi akautundika mkoba begani. Gari lilikuwa limeshasimama.

"Haya, karibu tena," mama akasema.

"Asante, mama," akajibu, maana hakujua mtoto wa nyumba hujibu nini akiambiwa hivyo.