Simu ya Theodosia Isizimike

Kila asubuhi, kabla hajapuliza moto, Theodosia huichukua simu yake kutoka juu ya kabati la vyombo, huifuta kioo kwa pindo la kitenge, kisha huibonyeza pembeni. Akiona imewaka, huiamkia. "Bwakeye," huiambia, kama mtu anayemwamkia mwenzake, halafu huirudisha mahali pake na kwenda kutafuta kuni. Nyumbani kwake hakuna mwingine wa kuamkiwa. Mumewe ameshafariki, watoto hawakujaliwa, na majirani wa Makere huwahi mashambani kungali na umande.

Simu yenyewe hapigi. Anangoja kupigiwa.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Walipokuja kurudi kwao, miaka mingi baadaye, walimwacha Makere akiwa mke wa mtu, wakaondoka na mdogo wake, Niyomwungere. Mwaka 2015 Niyomwungere naye akavuka mpaka akikimbia, akapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Hapo ndipo dada hawa wawili walipoonana tena, kila mmoja mtu mzima ambaye mwenzake hakumjua.

Theodosia alikuwa akipanda gari hadi Kibondo, anaomba ruhusa, anaingia kambini na kifurushi cha maharage. Wanakaa chini, wanayachambua pamoja. Maharage yenyewe alikuwa ameshayachambua nyumbani, na Niyomwungere alijua hivyo, lakini waliyachambua tena. Mikono ikiwa na kazi, maneno yalitoka kwa urahisi zaidi. Ni katika kuchambua huko ndipo mdogo mtu alipoishika kichwani namba ya dada yake, akiiimba tarakimu kwa tarakimu kama wimbo wa kanisani, mpaka majirani wa mahema ya karibu nao wakawa wanaiimba.

"Mukuru wanje, dada yangu," alisema siku moja akicheka, "hata nikisahau jina lako, namba sitaisahau."

Mwaka jana Niyomwungere aliondoka na waliorudi Burundi. Huko aliko, kilimani, hana simu. Akishuka sokoni na kumkuta mtu mwenye roho nzuri, humwomba apige mara moja. Leo atapiga kwa simu ya muuza mikate, safari nyingine kwa simu ya mwalimu, na hakuna siku wala saa inayojulikana. Theodosia akijaribu kupiga namba ile baadaye, hujibiwa kwamba yule mama ameshakwenda zake. Kwa hiyo laini haiwezi kubadilishwa, na simu haiwezi kuzimwa. Hayo mawili Theodosia aliyaelewa mapema.

Aliuza maharage akanunua simu ya kioo ili siku moja wapate kuonana. Wamewahi kuonana hivyo mara moja tu. Msichana fulani sokoni alimsaidia Niyomwungere kupiga kwa video, naye akaisogeza simu usoni mno, hata Theodosia akaona paji la uso na jicho moja. Alizungumza na jicho lile mpaka salio la msichana likaisha.

Tatizo lilikuwa umeme. Makere umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula. Chaja aliyonunua na simu ilikuwa taratibu. Kabla haijafika nusu, umeme umekatika. Jirani yake Bazilio, mfanyabiashara wa maharage, alikuwa akimtania.

"Dada Theodosia, hiyo simu yako inakula kuliko mbuzi wangu."

"Mbuzi wako anampigia nani?"

"Anapiga kelele tu. Wewe subiri, nikienda Manyovu nakuletea chaja ya kasi. Inajaza simu kabla ugali haujaiva."

Akaileta kweli, kichwa cheupe na waya mwembamba, ndani ya boksi lenye picha ya radi ya manjano. Kichwa kilikuwa chepesi kama ganda la karanga. Theodosia alifurahi kwa wepesi huo, akadhani ndio upya wenyewe. Kilipata moto kila alipokichomeka, akasema moyoni kwamba kitu kinachokimbia lazima kitoe jasho.

Kisha ukaja mchana wa mvua. Wingu lilitokea upande wa Burundi, na radi ikaanza kunguruma simu ikiwa kwenye chaji. Tangu utotoni Theodosia alifundishwa kwamba chochote kinachong'aa huita radi. Mvua ikinyesha, kioo cha kujitazamia hufunikwa, na sufuria mpya haziachwi nje. Akakitazama kioo cha simu, akachukua kitenge kizito, akakikunja mara mbili, akaifunika simu pamoja na chaja yake vizuri kama mtoto aliyelala. Kuchomoa hakuthubutu, maana chaji ilikuwa ndogo. Akatoka mbio kuanua maharage uani.

Aliporudi, nyumba ilinuka plastiki. Kichwa cha chaja kilikuwa kimebonyea upande mmoja kama mshumaa, kitenge kimepata alama ya kahawia, na simu haikushikika kwa joto. Alibonyeza pembeni. Haikuwaka.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake, na hapakuwa na mwingine wa kumsikia.

Aliitoa laini akaipeleka kwa Bazilio, lakini laini ya simu ya kioo hukatwa ndogo. Katika simu ya vitufe ya Bazilio ilicheza huku na huku bila kushika. Bazilio alijaribu kuibana kwa kipande cha karatasi, akashindwa, akaishiwa hata utani. Mvua iliendelea. Gari halikupita mpaka njia ilipopitika, na siku zote hizo Theodosia aliendelea kuichukua simu asubuhi na kuifuta kioo. Hakuiamkia.

Kasulu mjini alielekezwa kwenye duka la simu la Firdausi, mwanamke kijana mwenye mtandio uliofungwa vizuri, aliyeletwa huku kutoka Bagamoyo kwa kuolewa. Mumewe alikuwa safarini Kahama kufuata mizigo, kama ilivyo kawaida yake. Firdausi alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, kikombe cha chai kimepoa mbele yake.

"Shikamoo mama. Karibu, pole na matope."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na mgonjwa."

Firdausi akaipokea simu, akanusa tundu la kuchajia, akaitazama ile chaja iliyobonyea. Alimpa simu Saady, fundi aliyekaa na meza yake mlangoni, kisha akarudi kwa Theodosia.

"Uliifunika?"

"Radi ilikuwa inapiga."

"Mama, radi haizuiliki hata uiwekee godoro. Inapitia kwenye nyaya za umeme. Ukisikia wingu tu, chomoa. Na kitu kinachochaji usikifunike kabisa, hata kwa leso. Kinataka hewa."

"Hata siku ya jua?"

"Hata siku ya jua. Lakini hii yako ingekusumbua siku yoyote. Ishike." Akaweka katika kiganja kimoja cha Theodosia chaja iliyoungua, na katika cha pili nyingine mpya. "Unaonaje?"

"Hii mpya ina mwili."

"Uzito peke yake hautoshi, maana wapo wanaotia hata chuma humo ndani. Basi angalia maandishi. Hii yanasomeka, imeandikwa wati zake na jina la aliyetengeneza. Ile yako wameandika kasi, kasi, kasi, basi. Na waya nao. Simu, kichwa na waya, vyote vitatu vielewane. Waya ukiwa mwembamba wa ovyo, kichwa kizuri hakikusaidii. Ukichomeka, kisilegee. Kikiwa vuguvugu sawa, lakini kikikuunguza kiganja au kikinuka, chomoa ulete hapa, tugombane mimi na wewe."

"Nitakuja kugombana kutoka Makere?"

"Njoo tu, mama. Nitapata mtu wa kuzungumza naye."

Walicheka wote wawili.

Saady alibadilisha tundu la kuchajia. Betri, alisema, ilikuwa imepona. Wakaichomeka kwenye chaja mpya pale pale kaunta, na Firdausi akaushika mkono wa Theodosia akauweka juu ya kichwa cha chaja ili aujue uvuguvugu wake. Theodosia hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipoushika mkono wake namna ile. Aliuacha hapo kwa muda.

Simu ikawaka. Laini ikashika mtandao, na ujumbe ukaingia, ule wa kampuni ya simu wa kuonyesha nani alipiga ukiwa hupatikani. Namba ilikuwa ya Burundi. Ilikuwa imepiga juzi asubuhi, ikarudia, ikarudia tena.

Theodosia alimwomba Firdausi aipigie ile namba, kisha akaiweka simu sikioni. Akapokea mwanamume, nyuma yake kuna kelele za soko. Yeye na Theodosia walizungumza Kirundi. Ndiyo, alisema mwanamume, kuna mama aliiazima simu juzi. Hapana, hamjui. Alikuwa ametoka kilimani na mzigo kichwani, akasema anahama kwenda kulima kwingine. Wapi? Hakusema. Alipiga, akasikia haipatikani, akapiga tena na tena. Halafu akashukuru akaenda.

"Alikuwa anaimba namba," mwanamume aliongeza. "Ndiyo maana namkumbuka."

Theodosia alimshukuru. Aliiweka simu juu ya kaunta bila kuichomoa, akakifuta kioo kwa pindo la kitenge, ingawa kilikuwa safi. Saady aliinamia meza yake, akajitia kutafuta skrubu ndogo. Nje, mtu alikuwa akimwita mtu mwingine kwa sauti kubwa, akaitikiwa.

Firdausi hakuelewa Kirundi, lakini sura ile aliielewa. Akamwuliza aliyemtafuta ni nani, Theodosia akamweleza kwa maneno machache: mdogo wangu, hana simu, amehama, sijui alikohamia. Firdausi akaichomoa ile chaja mpya, akaukunja waya wake taratibu, akaitia katika mfuko, akaitoa tena, kama mtu anayeogopa kumwuzia mwenzake kitu kisicho na faida.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "na asipopiga tena, hii chaja utaifanyia nini?"

Theodosia akanyoosha mkono kuipokea.

"Nitachajia simu," alisema.